Inscryption, Cultist Simulator au Slay the Spire: ipi ya kukesha nayo?

Mtu akiomba apendekezewe gemu ya karata yenye giza ndani yake, majina matatu hayakosi kutajwa: Inscryption, Cultist Simulator na Slay the Spire. Zote ni za mchezaji mmoja, zote zinakupa karata mkononi, na zote zitakuua mara nyingi kabla hujazielewa. Baada ya hapo zinaachana njia kabisa. Aliyependa moja anaweza kuichoka nyingine ndani ya nusu saa, na kwa kuwa bei yake ya kawaida kwenye kompyuta ni dola 20 hivi kila moja (Slay the Spire inafika karibu 25), hiyo si pesa ya kubahatisha.

Neno moja kwanza kwa wasiozoea aina hii. Karata tunazocheza barazani ni zile zile kwa kila mtu, na ujanja uko katika kukumbuka turufu zilizopita na kumsoma aliyeketi mbele yako. Gemu za kujenga fungu hazifuati utaratibu huo. Unaanza na fungu dogo la karata dhaifu, kisha kila hatua unaamua uongeze ipi, uiimarishe ipi, uitupe ipi. Ukifika kwa adui mkubwa unapigana kwa fungu ulilolijenga kwa mkono wako. Ukilijenga ovyo, huna wa kumlaumu.

Nimezipima kwa mambo matano: zinatisha kwa namna gani, karata zake zinafikirishaje, ukifa kunatokea nini, zinadai Kiingereza kiasi gani, na zinataka mashine na muda wa aina gani. Picha na muziki nimeviacha. Zote tatu ziko vizuri upande huo, na sijaona mtu aliyekwama kuchagua kwa sababu ya muziki.

Zilikotoka

Inscryption ni kazi ya Daniel Mullins wa Kanada. Ilitoka Oktoba 2021 chini ya wachapishaji Devolver Digital, lakini mbegu yake ni gemu ndogo aliyoitengeneza Desemba 2018 kwenye Ludum Dare, mashindano ambayo washiriki hutengeneza gemu kwa siku chache tu kufuata mada moja. Mada ya safari ile ilihusu ulazima wa kutoa kafara, na kafara imebaki kuwa moyo wa mchezo mpaka leo. Mwaka 2022 ilibeba tuzo kuu ya tamasha la gemu huru la IGF, na pia ile ya gemu bora ya mwaka inayotolewa na watengenezaji wenyewe kwenye mkutano wa GDC.

Cultist Simulator ilitoka Mei 2018, kutoka studio ndogo ya London iitwayo Weather Factory, ya Alexis Kennedy na Lottie Bevan. Kennedy ndiye aliyeandika Fallen London, gemu ya kusoma maandishi, kabla ya hapo, kwa hiyo jua mapema kwamba unakwenda kwa mwandishi.

Slay the Spire ndiyo mkubwa wa ukoo. Anthony Giovannetti na Casey Yano wa Mega Crit, Seattle, walianza kuiuza Novemba 2017 ikiwa bado inajengwa, ikakamilika Januari 2019. Ramani yake yenye njia zinazogawanyika, ambapo unachagua upite kwa adui, kwa mfanyabiashara au mahali pa kupumzika, utaikuta imeigwa kila kona. Hata Inscryption imeikopa.

Zinatisha kwa namna gani

Katika Inscryption anayetisha ni mtu. Umeketi ndani ya kibanda cha mbao, na ng'ambo ya meza hakuna uso. Kuna giza lenye macho mawili. Yeye ndiye anayesimulia safari yako msituni, yeye ndiye anayecheza dhidi yako, na akitaka kuigiza adui fulani anavaa kinyago na kubadili namna ya kusema. Anakufundisha sheria kwa upole wa mwalimu mzuri, na upole huo ndio unaokukosesha raha. Miongoni mwa vifaa vinavyowekwa mezani kuna koleo. Mizani inayohesabu mapigo ikikuelemea, unaweza kulichukua ukang'oa jino lako mwenyewe, likawekwa kwenye mizani na kuhesabika kama pigo. Hakuna anayekulazimisha. Karata yako mojawapo, kicheche, inaongea, na inalalamika unapotaka kuitoa kafara. Tena kabla ya yote hayo, ukiifungua gemu kwa mara ya kwanza kitufe cha kuanza mchezo mpya kimefungwa. Kinachobonyezeka ni cha kuendelea. Kuendelea na mchezo wa nani? Jibu lipo, nami sitalitoa.

Cultist Simulator haina sura ya kutisha hata moja. Ni meza yenye karata na maandishi. Mhusika wako ni mtu wa kawaida wa miaka ya 1920, ana kibarua kisicho na maana na ndoto asizozielewa, kisha taratibu anaanzisha dhehebu la siri. Kutisha kwake kunakujia kwa nyuma. Unampata mfuasi, ana jina, ana picha, amekutumikia vizuri. Siku moja ibada inadai kitu ambacho huna, unaitazama meza, na unajikuta tayari umeshapiga hesabu kwamba yule mfuasi anatosha. Hofu yenyewe ni karata mle ndani: zikirundikana tatu kwenye kisanduku cha kukata tamaa, umekwisha. Na ukizipenda mno ndoto zako, kivutio nacho kina karata yake na kinaua vilevile kwa njia ya wazimu.

Slay the Spire, tuseme ukweli, haitishi. Ina viumbe wa ajabu, ina laana, ina mnara unaopanda hadi kwenye moyo mkubwa unaodunda, lakini hutaogopa kuzima taa. Hofu yake ni ya mtu mwenye deni: adui ameonyesha kwamba zamu ijayo atakupiga 30, wewe umebakiwa na uhai 22, na mkononi una karata tano ambazo lazima mojawapo ikuokoe. Wengine jasho hilo linawatosha. Aliyetaka mazimwi hasa atasema kadanganywa.

Karata na fumbo

Hapa ndipo panapotaka muda, hasa kwa Inscryption, kwa sababu ndani yake kuna mafumbo ya aina mbili yaliyofungamana.

La kwanza ni la mezani. Uwanja una njia nne. Karata yako inampiga aliye mbele yake. Mbele kukiwa wazi, pigo linakwenda moja kwa moja kwenye mizani. Mizani ikilalia kwa mpinzani kwa tofauti ya tano, umeshinda. Ikilalia kwako, umeshindwa. Karata zake zinazofuata zinaonekana kabla hazijashuka uwanjani, kwa hiyo kila zamu ni kitendawili chenye majibu machache. Utamu uko kwenye malipo. Mnyama mkubwa ananunuliwa kwa damu ya wanyama wadogo ulio nao uwanjani. Kindi hana gharama na hana nguvu, kazi yake ni kufa. Kicheche anadai kafara moja, mbwa mwitu mbili, dubu tatu. Kila anayekufa anaacha mfupa, na kuna wanyama wanaolipiwa kwa mifupa badala ya damu. Kila zamu unaulizwa uvute kindi au uvute kutoka fungu lako. Ukivuta wakubwa watupu, huna cha kuwalipia. Ukivuta kindi watupu, huna cha kupigia.

Njiani kuna mawe ambapo unamuua mnyama mmoja ili alama yake, yaani uwezo wake maalumu, ihamie kwa mwingine. Mchukue paka. Huyu ana roho ya paka kweli kweli: ukimtoa kafara anabaki pale pale, tayari kwa kafara nyingine. Ukiipandikiza alama hiyo kwa mnyama mwenye meno, umepata anayelipa na kupiga kwa wakati mmoja. Kuna pia moto wa kambi unapoweza kumwotesha mnyama mmoja apate nguvu, lakini walioketi pale wana njaa, na ukimrudisha motoni kwa tamaa ya kumwongezea zaidi, huenda wakamla. Wachezaji wakishagundua mambo haya wanaweza kuunda karata za kutisha hadi mpinzani hana la kufanya. Gemu nyingi zingeziba mwanya huo. Hii inakuachia, maana ujanja wa kuvunja mchezo ni sehemu ya hadithi yake.

Fumbo la pili liko nje ya meza. Unaruhusiwa kusimama. Kibandani kuna saa ya ukutani, kuna sefu, kuna makabati, na kila kimoja kinataka kufunguliwa kwa dalili zilizotawanywa, nyingine zikiwa ndani ya karata zenyewe. Ukifungua unapata vitu vinavyorudi mezani kukusaidia. Ndiyo sababu naihesabu Inscryption kuwa gemu ya mafumbo kwanza, ya karata baadaye.

Kuna tahadhari moja inayostahili kusemwa kabla hujalipa. Kibanda ni sehemu ya kwanza tu. Baada yake gemu inabadilika sura na sheria zaidi ya mara moja, na kuna watu, si wachache, waliopenda kibanda kiasi kwamba yaliyofuata waliyaona kama adhabu. Mimi naona mabadiliko hayo ndiyo yanayoipa ujasiri wake, ingawa sehemu ya katikati inalegea kidogo.

Slay the Spire haina chumba cha kupekua wala siri ukutani, lakini kwa karata zenyewe haina mpinzani kati ya hizi tatu. Zamu yako ni nguvu tatu na karata tano. Adui anakuonyesha wazi anachokusudia: atapiga, atajikinga, atakudhoofisha. Hakuna la kusingizia. Wahusika ni wanne na kila mmoja ana karata zake, hivyo ulichojifunza kwa mmoja hakikuvushi kwa mwenzake. Mgeni huanza kwa kuokota kila karata nzuri anayopewa, halafu anashangaa kwa nini fungu limekuwa zito na karata anayoihitaji haiji. Mwenyeji anakataa karata, tena analipa dhahabu kwa mfanyabiashara ili aondolewe zile dhaifu za mwanzo. Maadui nao wamewekwa kukuumbua: yupo anayepandwa na hasira kila unapotumia karata ya ujuzi (Skill), na yupo anayekukatia zamu ukishacheza karata 12. Fungu lililowafagia wote mpaka hapo linaweza kufia kwa huyo mmoja.

Cultist Simulator ni jamii nyingine. Hakuna pambano la kupokezana zamu, na wanaoshikilia maana kali ya kujenga fungu watakwambia haimo kundini. Mezani kuna visanduku vya vitendo: kazi, kusoma, kuota, kuzungumza, kutembea. Unaweka karata ndani ya kisanduku, saa inahesabu, kisha unaona kimetoka nini. Weka Afya kwenye kazi, unafanya kibarua cha mwili. Weka Akili, unaajiriwa ofisini. Weka Shauku, unachora picha za kuuza. Wakati huo muda unakula karata moja ya fedha kila dakika, wewe uwe umeamua au hujaamua, japo unaweza kusimamisha saa ufikiri. Baadaye vinaingia vitabu vya kutafsiri, wafuasi, ibada, na wapelelezi wanaokusanya ushahidi dhidi yako. Hakuna anayekueleza lolote. Kugundua kwamba karata hii inaingia kwenye kisanduku kile ndiyo fumbo zima, na mtu akikusomea majibu kabla hujacheza, amekuibia gemu.

Ukifa

Kwenye kibanda cha Inscryption una mishumaa miwili. Ikizimika yote, mwenyeji wako anatoa kamera na kukupiga picha, nawe unageuka karata: unachagua bei kutoka karata moja, nguvu kutoka nyingine, alama kutoka nyingine, unaipa jina. Atakayekuja baada yako, ambaye ni wewe tena, anaweza kukukuta njiani. Kwa hiyo kushindwa kunakuacha na silaha, na mchezaji dhaifu husaidiwa kusonga mbele bila kuaibishwa.

Slay the Spire inafuta. Mnara unaanza chini, fungu linaanza upya, na ukiondoa karata chache zinazofunguka mwanzoni, unachorudi nacho ni akili yako. Habari njema ni kwamba safari nzima ni kama saa moja, hivyo maumivu ni mafupi.

Cultist Simulator ndiyo yenye kifo kichungu. Maisha ya mhusika mmoja yanaweza kumeza saa nyingi, na kosa dogo la kusahau njaa au ushahidi likayamaliza. Unaendelea na mtu mwingine anayeguswa na mkasa wa marehemu, labda daktari, labda mpelelezi, ila meza yako nzuri imekwenda. Asiye na subira asiisogelee.

Kiingereza kinachohitajika

Hakuna hata moja yenye Kiswahili. Slay the Spire inahitaji Kiingereza kidogo zaidi, maana maneno ya karata ni mafupi na yanajirudia, na baada ya siku chache unasoma alama na namba tu. Inscryption ina mazungumzo mengi lakini ni mepesi, ingawa baadhi ya dalili za mafumbo zimefichwa kwenye maneno. Hizi mbili zina Kifaransa pia, jambo la maana kwa wasomaji wa Bukavu, Goma au Bujumbura waliosomea lugha hiyo. Cultist Simulator imejengwa kwa Kiingereza cha kifasihi, chenye mafumbo ndani ya mafumbo, na usipokifurahia chenyewe utakuwa unasogeza vikaratasi bila sababu.

Mashine, simu na muda

Kwa wengi wetu hapa ndipo uamuzi unapofanyika wenyewe. Inscryption haipo kwenye simu. Iko kwenye kompyuta, na kuanzia 2022 kwenye PlayStation na Switch, kisha Xbox mwaka 2023. Kibanda kile ni cha picha za pande tatu, kwa hiyo laptopu kongwe ya ofisini inaweza kulalamika. Slay the Spire inakwenda hata kwenye mashine nyonge, iko kwenye iPhone tangu 2020 na Android tangu 2021, na simu inaipata kwa bei ya chini kuliko kompyuta. Maandishi kwenye kioo kidogo ni madogo, lijue hilo. Cultist Simulator ilifika simu zote mbili mwaka 2019. Inachezeka, japo meza ikijaa karata kidole kinaanza kukosea, na kompyuta inaifaa zaidi.

Ukishapakua, hakuna kati ya hizi inayotafuna bando. Umeme ukikatika katikati ya pambano la Slay the Spire unaanza tena pambano lile tu, si safari yote.

Kwa upande wa muda, hadithi ya Inscryption inaisha kwa saa 10 hadi 15 hivi. Slay the Spire haiishi: kila mhusika ana ngazi 20 za ugumu wa kupanda, na wapo watu wanaocheza tangu 2017. Cultist Simulator iko katikati, inategemea ukaidi wako.

Ipi ya nani

Una simu tu, na muda wako ni wa kwenye daladala au foleni ya benki: Slay the Spire. Pambano moja linatosha kati ya kituo na kituo, na unaweza kuiweka mfukoni bila kupoteza uzi.

Una kompyuta inayojiweza na unataka kutishwa kwa hadithi yenye mwanzo na mwisho: Inscryption, tena usitazame video zake kabla. Inafaa pia mkiwa wawili au watatu mbele ya kioo kimoja, mmoja anacheza, wengine wanabishana juu ya sefu.

Unapenda kusoma, hujali kupotea, na ukiona kitu kisichoelezwa unafungua daftari badala ya kukasirika: Cultist Simulator. Kama mambo ya madhehebu ya siri na kafara za watu yanakukera kwa imani yako, iache. Hapo yenyewe haina namna ya kupunguza.

Unanunulia mtoto: kati ya hizi ni Slay the Spire peke yake ningeifikiria, kwa kijana wa sekondari anayependa hesabu. Koleo na meno si ya watoto.

Bajeti ni ya gemu moja kwa mwaka mzima: Slay the Spire itakurudishia pesa kwa saa nyingi zaidi. Ila kama unaweza kusubiri, duka la Steam hutoa punguzo mara kadhaa kwa mwaka, na zote tatu huwa zinashuka bei.

Na kama umeshaimaliza Inscryption ukawa unakililia kile kibanda cha mwanzo, usikimbilie kununua nyingine. Tangu Machi 2022 kuna nyongeza ya bure ndani yake iitwayo Kaycee's Mod, inayokurudisha kwenye meza ile ile, karata zile zile na zaidi, safari baada ya safari, na masharti ya ugumu unayachagua mwenyewe.